Mawese Ndani ya Moteri

Juma lililopita mliniacha nimekaa ndani ya Corolla nyeupe, mikono kwenye usukani, leseni mpya mfukoni, na jina jipya mjini Rumonge: Tahira wa maharusi.

Kwa anayenikuta leo, nieleze kwa ufupi. Mume wangu Waziri alikwenda Lubumbashi kwa wiki mbili, akakaa mwaka, kisha akanitumia talaka kwa ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na tisa. Katika sekunde hizo alipata nafasi ya kusema kwamba gari libaki kwangu. Nililia siku tatu. Siku ya nne nikatafuta mtu wa kunifundisha kuendesha. Nikagonga ukuta wa jirani, nikagonga mgomba, nikagonga ukuta uleule tena, kisha nikajua. Nikafunga utepe mbele ya gari, nikaanza kubeba maharusi.

Leo nakiri jambo ambalo mwanzoni mama yangu peke yake ndiye aliyelijua.

Nilitia mawese ndani ya moteri.

Sikufanya kwa ubaya. Nilikuwa Gatete, saa saba mchana, natoka kumpeleka bi harusi, peke yangu garini. Mbele yangu ikawaka taa nyekundu yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone. Nilikuwa nimeshaiona ikiwaka na kuzimika, nikadhani inahusu maji. Siku hiyo ikakataa kuzimika. Nikasimama, nikampigia jirani aliyewahi kuwa shoferi wa lori.

"Picha ya birika? Hiyo ni mafuta, dada. Moteri imeishiwa. Usitembeze gari hata mita moja. Tia mafuta kwanza."

Simu ikazimika, moto wa betri umekwisha. Nikainua macho. Ng'ambo ya barabara ameketi mama mmoja na chupa zake, zimepangwa mstari, nyekundu, zinang'aa juani.

Mafuta.

Mnacheka. Lakini niambieni, lugha yetu ilinisaidia nini? Ya kukaangia ni mafuta. Ya kujipaka ni mafuta. Ya taa ni mafuta. Hata petroli tunaita mafuta. Kuna sauti ndogo moyoni iliyoniuliza, Tahira, una hakika? Nikaiambia inyamaze. Nikanunua chupa mbili, nikainua boneti, nikafungua kifuniko chenye kibirika kilekile, nikamimina zote. Taa ikazimika. Nikaendesha hadi nyumbani nikimshukuru Mungu na yule mama.

Nilipomsimulia mama yangu, alikaa chini palepale penye mlango.

"Umepikia gari," akasema.

Wiki mbili baadaye nikaitwa na Hadji Zubeir. Hadji ni mfanyabiashara wa vitambaa, na Rumonge nzima haijui meno yake yakoje, maana hacheki. Mjukuu wake Malak alikuwa anaolewa Buyenzi, Bujumbura, siku ya Jumamosi.

"Nasikia gari yako iko safi," akasema.

"Iko safi, Hadji."

"Haizimikizimiki?"

"Haizimiki."

"Bi harusi kusimama barabarani ni aibu ya ukoo. Ikizimika, Tahira, hapa Rumonge hautabeba tena hata kuku."

Nikaondoka natabasamu. Asubuhi ya Jumatano nikawasha gari. Likagonga, ka-ka-ka-ka, kama mtu anatwanga majani ya sombe kinuni. Tabasamu likaisha.

Nikalipeleka kwa Cubaka. Huyu ni fundi kutoka Uvira, miaka kumi na tano yuko Rumonge, na hakuna gari la hapa ambalo hajalala chini yake. Akasikiliza mlio, akakunja uso.

"Ulifanya vidanji lini?"

"Vidanji ndiyo nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Kumwaga mafuta ya zamani ya moteri, kutia mapya."

"Si zamani sana," nikasema. Sikuwa nimefanya kamwe.

Akaweka beseni, akaingia chini ya gari, akafungua. Kilichotoka hakikuwa cheusi kama alivyozoea. Kilitoka kizito, chekundu-kahawia, na mabonge. Na harufu.

Cubaka akachovya kidole. Akanusa. Akanusa tena.

"Venanti," akaita, "kuja unuse."

Venanti ni mwenye pikipiki ya kubeba abiria. Alikuwa anangoja tairi lake lizibwe. Akainama juu ya beseni, akafumba macho.

"Maharagwe," akasema.

"Hapana," akasema Cubaka. "Hii ni mukeke. Samaki mukeke wa kupika na mawese."

"Maharagwe, mimi nakwambia. Inakosa tu kitunguu."

Wakabishana juu ya chakula kwa muda mrefu. Mimi nilisimama pale natazama viatu vyangu. Kisha Cubaka akajifuta mikono, akaniuliza swali ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yanapata moto.

"Dada Tahira, mafuta haya ulinunua wapi?"

Ningesema kweli, wangecheka, ningecheka, tungemaliza. Lakini Venanti alikuwa pale, na Venanti akijua jambo saa nne, saa tano linajulikana Minago. Nikamwona Hadji Zubeir akisikia. Nikajiona sibebi hata kuku.

"Kwa Amjad," nikasema.

Na huo haukuwa uongo mtupu. Kiangazi nilinunua kwake bidoni moja ya mafuta, akayatia aliyenifundisha kuendesha, mimi sikuangalia wapi. Lakini mimi nilijua ninachokisema, na Mungu alijua.

Amjad ni mtu wa familia ya Waarabu wa zamani wa hapa, wale waliotoka Oman enzi za mababu. Ana duka la vipuri karibu na soko, aliachiwa na baba yake. Mke wake alifariki miaka minne iliyopita, anaishi na dada yake Shaima. Ni mtu ambaye ukinunua nati moja kwake anakufungia kwenye karatasi, na ikikosa kukaa anakubadilishia bila maneno. Kumsingizia Amjad mafuta ya bandia ni kama kumsingizia imamu kwamba hajui kusoma.

Venanti akapata tairi lake, akaondoka.

Alasiri nilipita karibu na lile duka, nimejificha nyuma ya mafungu ya nyanya. Watu walikuwa wamepanga foleni. Si ya kununua. Walikuwa wanarudisha. Nilihesabu bidoni kumi na nne. Amjad anazipokea moja moja, anamrudishia kila mtu pesa zake, anasema murakoze, asanteni. Mama mmoja alifungua yake mbele yake, akainusa, akaifunga, akamtupia jicho ambalo hata mbwa hatupiwi.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mama.

"Nenda ukaseme kweli," akasema.

"Kesho, mama."

"Watu wa ukoo wake watakuja hapa kushtaki. Mimi nitawaambia nini?"

"Hawatakuja."

"Watakuja," akasema mama. "Lakini wewe acha. Nitajua la kuwaambia."

Alhamisi asubuhi, Cubaka hajaanza hata kazi, Amjad akaingia garaji. Ana shati jeupe, mkononi bidoni mpya na filta mpya. Nilitafuta pa kujificha, gari liko juu ya mawe, chini yake hapatoshi.

"Amahoro, dada Tahira."

"Amahoro."

"Nasikia mafuta yangu yameumiza gari yako. Nimekuja kuona."

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Akaenda kwenye beseni, akainama, akanusa. Cubaka akanusa tena. Venanti, ambaye hakuwa na shida yoyote siku hiyo ila alikuja tu, naye akanusa. Wote wakatikisa kichwa. Nami nikanusa, kwa adabu.

Amjad akanitazama kidogo.

"Haya mimi siuzi," akasema. Basi. "Sasa tuone gari lenyewe linataka nini."

"Linataka mazito," akasema Cubaka. "Gari ya zamani inataka mafuta mazito. Mimi naitia ishirini-hamsini. Gari zote hapa nazitia hiyo."

"Na moteri zake zinasemaje?"

"Zinanguruma."

"Zinalia, Cubaka."

Akafungua kifuniko cha mafuta juu ya moteri. Akatoa kitambaa mfukoni, cheupe, kimepigwa pasi, akafuta ule uchafu wote kwa kitambaa hicho. Nilihisi kama ananifuta mimi uso.

"Soma hapa, dada."

Juu ya kifuniko yalikuwa maandishi madogo: 5W-30. Miezi yote hiyo nilikuwa nayo mbele ya macho.

"Kuna kitabu cha gari?"

Kilikuwepo kwenye kidroo cha mbele, chini ya nyavu za maharusi na pini. Chote Kijapani, herufi kama vijumba vidogo vilivyopangwa kilimani. Amjad akafungua kurasa taratibu, moja moja, hadi akafika kwenye picha ya kibirika, kilekile kibirika changu. Chini yake, katikati ya vile vijumba, namba: 5W-30.

"Mujapani naye anasema hivyohivyo," akasema. Venanti akacheka. Hata Cubaka akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Amjad akanieleza, mimi, si wao. Namba ya kwanza ni ya asubuhi, moteri ikiwa bado baridi. Ikiwa ndogo, mafuta yanakimbia haraka kufika juu. Namba ya pili ni ya moteri ikisha kupata moto, uzito unaobaki. Moteri ya aina hii njia zake za ndani ni nyembamba. Ukiipa mafuta mazito, kila asubuhi inazunguka kavu kwa muda kabla hayajafika.

"Ndiyo maana inagonga," nikasema.

"Ndiyo. Na ukiipa kitu kingine kabisa," akasema, akiangalia beseni, "inagonga zaidi."

Nilikuwa nasikiliza namba, wallahi. Lakini nilikuwa pia naangalia vidole. Mwanamume aliyevaa shati jeupe garaji, ana vidole safi hadi kwenye kucha, anakueleza jambo bila kukudharau. Kwa miaka sita ya ndoa, Waziri alinieleza jambo moja tu kuhusu gari, kwamba nisiguse redio.

"Na kama inakunywa mafuta?" akauliza Cubaka. "Kama imechakaa? Haya mepesi yataisha kabla ya Minago."

"Tutapima. Kijiti cha kupimia kipo, hakidanganyi. Ikinywa sana, tutarudi tufikirie mengine, mimi na wewe. Lakini tusiitibu ugonjwa ambao hatujauona."

Akanipa ile bidoni. "Angalia muhuri kama ni mzima. Kata wewe mwenyewe."

Nikakata. Cubaka kwanza aliosha moteri mara mbili, akitia mafuta ya bei rahisi, anawasha kidogo, anamwaga, hadi ile harufu ya jikoni ikaisha. Akafunga filta mpya. Akatia yale mapya, anamimina na kuacha, anamimina na kuacha, hadi kwenye kijiti yakafika kati ya alama mbili, si chini na si juu.

"Washa," akasema Amjad.

Nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikazungusha tena, gari likatoa mkwaruzo wa kutisha.

"Acha," akapiga kelele Cubaka. "Limekwisha kuwaka."

Lilikuwa limewaka na sikusikia. Cubaka akaweka sikio karibu na moteri, akakaa hivyo kama mtu anayesikiliza ukutani.

"Hm," akasema. Na kwa Cubaka hiyo ni hotuba.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kumwambia Amjad palepale. Nikafungua mdomo. Na hapo Hadji Zubeir akaingia garaji na fimbo yake.

"Nimesikia," akasema, "mjukuu wangu atapelekwa kwa bwana wake na mafuta ya kupikia."

"Hadji, tumetengeneza," nikasema.

"Nimetafuta gari ingine. Na wewe Amjad, baba yako alikuwa rafiki yangu. Ninashukuru amekufa hajaona."

Amjad akawa mwekundu hadi shingoni.

"Hadji, Jumamosi nitapanda mimi mwenyewe, mbele. Gari ikizimika kabla ya Buyenzi kwa sababu ya mafuta, duka la baba nalifunga."

Wote wakaniangalia, sijui kwa nini. Mdomo wangu bado ulikuwa wazi. Lilikuwa neno moja tu. Nikaufunga.

"Sawa," akasema Hadji. "Na mimi nitakuwa katika gari la nyuma. Naangalia."

Jumamosi saa tatu asubuhi tukaondoka. Bi harusi nyuma, na gauni lake ambalo lilijaza viti vyote hadi likamfika kidevuni. Amjad mbele, kushoto kwangu, upande wa ziwa.

Mnajua magari haya ya Japani. Usukani uko kulia, na barabara yetu tunaendesha kulia. Ukitaka kulipita lori huoni kitu. Lazima aliyekaa kushoto akuonee. Maharusi wangu wote nilikuwa nawapeleka nyuma ya malori ya mihogo, kilomita kumi kwa saa, kwa kuogopa.

"Ngoja," akasema Amjad, ametoa kichwa kidogo. "Ngoja. Kuna basi. Sasa."

Nikakanyaga. Corolla likaruka kama limeitwa jina. Tukalipita lori, tukarudi mahali petu, na nikajikuta nacheka.

"Lingine," nikasema.

"Lipo kwenye kona. Ngoja. Sasa."

Tukapita la pili, la tatu. Nyuma Hadji alikuwa amebaki na lori la kwanza. Nilikuwa sijawahi kusikia gari langu likipanda mlima bila kulalamika. Ziwa lilikuwa bluu hadi Kongo, upepo unaingia, na mtu mmoja anasema "sasa" na mimi namwamini bila kuona. Miaka sita sikuwahi kumwamini mtu hata kwa "kesho".

"Tantini," akaniita Malak kutoka ndani ya gauni, kama shangazi yake, "mimi ndiye bi harusi, lakini ni wewe unacheka."

"Ni gari, mutoto wangu. Limepona."

"Na tonto Amjad naye amepona?"

Amjad akaangalia ziwa. Sikio lake la kulia, ambalo ndilo nililoliona, likawa jekundu.

Furaha ile ingekuwa kamili kama si baiskeli. Kutoka Minago zilianza kuja, moja baada ya nyingine, zimefungwa bidoni za manjano zimejaa mawese, wenyewe wanasukuma kwa miguu mlimani. Kila moja ilinipita kama shahidi anayekwenda kutoa ushahidi. Nilihesabu kumi na moja nikaacha.

Tulipofika Muhuta, Amjad akasema, "Simama hapo penye tambarare. Tupime."

Nikasimama, nikazima. Hadji akafika, akasimama nyuma yetu, akashusha kioo.

"Imezimika?"

"Hapana, Hadji. Tunapima mafuta."

"Haya. Mimi naangalia."

Inabidi ungoje dakika chache mafuta yashuke kabla ya kupima. Tukasimama mbele ya gari, boneti imeinuliwa, imetuficha kwa Hadji na kwa bi harusi. Dakika ya kwanza nikaangalia moteri. Dakika ya pili nikaangalia ziwa. Dakika ya tatu nikaona huyu mtu ameweka duka la baba yake rehani kwa ajili ya chupa mbili za yule mama wa Gatete.

"Si mafuta yako," nikasema.

Akageuka kunitazama.

"Lile beseni. Ni mimi. Taa iliwaka Gatete, nikanunua mawese barabarani, nikatia. Waliponiuliza, nikataja jina lako. Nilijua nafanya nini. Si kwamba nilikosea kusema, nilikusudia."

Amjad akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akachomoa tena. Mafuta yalikuwa kati ya alama mbili, hayajashuka hata kidogo, rangi ya asali. Akakiangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Chupa ngapi?"

"Mbili."

"Mbili," akarudia. Nikaona mdomo wake unataka kufanya jambo, akaukataza. Kisha uso ukawa mzito. "Watu kumi na wanne walirudisha bidoni. Shaima alilia. Mimi naweza kucheka, lakini yeye alilia."

"Najua. Niliwaona. Nilikuwa nyuma ya nyanya."

"Basi nakuomba jambo moja. Ulisema mbele ya watu. Rudi useme mbele ya watu."

Akafunga boneti. Akarudi kwenye kiti chake, akatoa simu, akaandika neno fupi, akaiweka mfukoni. Njia yote iliyobaki hatukulipita lori hata moja. Si kwamba alinikatalia. Sikuthubutu kumwomba.

Buyenzi walitupokea kwa vigelegele mtaa mzima. Wanawake wakamtoa Malak ndani ya gauni, au gauni ndani ya gari, sijui. Hadji Zubeir akashuka, akaja polepole na fimbo yake hadi mbele ya Corolla, akaweka kiganja juu ya boneti kama anayempima mutoto homa.

"Imefika," akasema.

"Hadji," nikasema, "nina neno. Na naomba watu wanisikie."

Vigelegele vikapungua. Nikampigia Cubaka, nikaweka simu kwenye sauti kubwa.

"Cubaka, uko na nani hapo?"

"Niko na Venanti."

Nilijua atakuwepo. Nikashukuru kwa mara ya kwanza.

"Sikilizeni basi, nyinyi wa huko na nyinyi wa hapa. Mafuta ya Amjad ni mazuri, na ndiyo yametuleta. Yale ya kwenye beseni yalikuwa mawese. Niliyatia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, Gatete, nikidhani mafuta ni mafuta. Kisha nikamsingizia mtu mwema kwa sababu niliona haya. Ninaomba msamaha kwake, na kwa Shaima, na kwa Hadji."

Mama mkwe wa Malak akaziba mdomo kwa mkono.

Kisha kutoka kwenye simu ikaja sauti ya Cubaka, taratibu, ya mtu aliyeshinda kesi: "Venanti, nilikwambia ni mukeke."

Sijui nani alianza. Nadhani ni mama mkwe wa Malak. Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Na Hadji Zubeir, naapa, Hadji Zubeir akaegemea gari langu, fimbo ikamwanguka, kofia ikaenda upande, na Rumonge ijue sasa kwamba ana meno mazuri na yote ni yake.

"Mawese," alikuwa anasema, anafuta macho. "Mungu ana huruma na wajinga. Mawese." Kisha akamshika Amjad mkono, akaushikilia kwa mikono yake miwili, muda mrefu.

Katika simu nikasikia pikipiki inawashwa. Venanti alikuwa amekwisha kuondoka. Kabla ya adhuhuri mji mzima ungejua.

Nikajitenga nyuma ya gari nivute pumzi. Amjad akanifuata.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Tangu Alhamisi. Wote walinusa beseni wakashangaa. Wewe ulinusa, hukushangaa."

Nikaegemea gari. "Na bado ukaweka duka?"

"Mafuta niliyajua yatafika. Wewe ndiye sikukujua." Akaangalia vidole vyake. "Pale Muhuta sikutaka kupima kitu. Kijiti kingesubiri. Nilitaka tusimame, upate nafasi."

Nikafuta vumbi la buti kwa kiganja, naye akaendelea.

"Nilimwambia Shaima na mjomba Murshid wavae, wangoje nyumbani. Nikasema, nikiwatumia neno, waende kwa mama yako. Nisipotuma, wavue. Uliposema, nikatuma."

"Waende kwa mama yangu kufanya nini?"

Mwanamume aliyenieleza namba zote zile bila kukwama, hapo akakwama. Akafungua mdomo, akaufunga, akaonyesha kwa mkono bi harusi, vigelegele, utepe uliokuwa mbele ya gari.

Nikaelewa. Jamani, nikaelewa. Nilihisi damu yangu yote inakimbia kama yale mafuta mepesi, inafika juu kabla moteri haijagonga hata mara moja. Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kusema aniulize tena taratibu ili niisikie vizuri.

Simu yangu ikalia. Mama.

"Tahira," anasema, anahema, "wamekuja. Nilikwambia watakuja. Yule dada yake, na mjomba wao, wamevaa kama wanakwenda kushtaki tribinali."

"Mama, ngoja."

"Usiwe na wasiwasi. Nimewamaliza. Hata ndani hawakukaa. Nimewaambia wewe hauko tena katika nchi hii. Nimewaambia umeolewa Kigoma, na mume wako ni mkali."

"Mama, hawakuja kushtaki."

"Basi walikuja kufanya nini na sinia ya halua?"

Nikamsikia upande wa pili anavuta kiti, anakaa.

"Halua," akarudia mama, polepole sana.

Nikageuka. Amjad naye alikuwa na simu sikioni. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, kama kawaida yake, akasema "sawa, Shaima," akaishusha, akaniangalia kwa adabu zake zote.

"Hongera, dada Tahira," akasema. "Nasikia umeolewa Kigoma."